Rabai kwa mafungo ya viongozi wa kanisa: panafaa, ila msiende mikono mitupu

Kamati ya kanisa ikitaka kuwapeleka viongozi mafungo, mara nyingi hukodi ukumbi wa hoteli ufuoni, humwalika mnenaji, na siku mbili nzima huzungumzwa "kukua kwa huduma". Kama mada ni kufaulu na kushindwa, ukumbi huo haufui dafu mbele ya Rabai, karibu na Mombasa. Hapa ndipo wamisionari Wajerumani Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipofungua kituo chao mwaka 1846, na kanisa lao la kale sasa ni makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kufika si kazi. Toka Mombasa kwa barabara ya Nairobi hadi Mazeras, kisha kata kulia ushike njia ya Kaloleni. Kikundi kikizidi watu kumi, kodini matatu nzima. Epukeni Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Viingilio vya makumbusho ya taifa hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni, kwa hiyo ulizeni mapema, na mwombe mwelekezi siku hiyohiyo mnapouliza.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Saa moja yatosha kuyazunguka pamoja na nyumba za Krapf na Rebmann, na kulitazama Kanisa la Mtakatifu Paulo lililo karibu. Anayetafuta maonyesho ya kisasa atarudi amenuna. Kinachofanya safari iwe na maana ni hesabu ya mahali hapa, na hesabu hiyo lazima kiongozi wa mafungo aende nayo kichwani.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya mlango wa Ethiopia kufungwa usoni pake. Julai mwaka huohuo homa ilimuua mkewe Rosina, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf aliondoka 1853, afya imemwishia. Rebmann alibaki hadi 1875, miaka 29 tangu afike, akarudi Ujerumani karibu kipofu na kufa mwaka uliofuata. Waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Muumini wa kwanza kabisa wa kituo alikuwa Mringe, mtu mlemavu ambaye hakuna kanisa la leo lingemweka kwenye ripoti kama "mafanikio ya kimkakati". Hata Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, mwanajiografia Cooley wa London alimbeza, na ubishi uliendelea hadi safari za mpelelezi Mjerumani von der Decken miaka ya 1860.

Hapo ndipo vikundi vingi huharibu. Mnenaji husimama na kusema: tazameni, leo Kenya imejaa makanisa, basi vumilieni, na yenu yatajaa. Ni faraja ya bei rahisi. Inaigeuza miaka 29 ya Rebmann kuwa arbuni ya ushindi wa baadaye, na mwinjilisti ambaye tawi lake limefungwa anarudi nyumbani akihisi bado anadaiwa. Rebmann alikufa bila kuyaona hayo. Swali la kuwaachia wasikilizaji ni hili: kama yasingetokea kabisa, kazi yake ingekuwa na thamani gani?

Kosa jingine ni kuwafanya wamisionari hawa malaika. Krapf aliota mnyororo wa vituo kutoka pwani hii hadi Afrika Magharibi, ilhali kituo kimoja kilikuwa kinamshinda kwa kukosa watu. Wenzake Rebmann walikuja na kuondoka. Mmisionari Erhardt aliondoka 1855. Uvumilivu wa Rebmann unasifiwa sana, lakini mtumishi aliyekaa hivyo hadi macho yakaisha alihitaji mtu wa kumwambia, bwana, nenda ukapumzike. Mzee wa kanisa anayemsifu kasisi wake kwa kutochukua likizo na asikie hapo.

Ratiba inayofanya kazi ni ya watu 12 hadi 15. Saa tatu asubuhi makumbusho, saa nne kila mtu atafute kivuli na karatasi, simu zikiwa zimezimwa, kwa dakika 40. Karatasi ina safu tatu: niliyoyatenda, niliyoyakosea, yasiyokuwa mikononi mwangu. Safu ya pili haikubali maneno kama "nilikuwa mvivu". Inataka tendo, mwezi, na mtu aliyeumia: "Machi niliahidi kumtembelea mjane, sikwenda." Safu ya tatu ndiyo hujazwa Shetani na uchumi, kwa hiyo ina kipimo chake. Je, kuna mtu aliyekuonya mapema? Kama yupo, jambo hilo lihamie safu ya pili.

Wengi husahau kwamba hata mafanikio yana nafasi katika safu ya tatu. Washirika wameongezeka maradufu kwa sababu kanisa la jirani limegawanyika? Hilo halikuwa la mahubiri yako. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu. Viongozi hulikumbuka neno hilo mavuno yakiwa haba, yakiwa mengi wakalisahau.

Wakikaa wawili wawili kusomeana, asiwekwe kasisi na askidikoni wake, maana anayeamua uhamisho wako hutamweleza kosa lako la kweli. Karatasi zisikusanywe. Na mpaka mmoja utangazwe kabla ya kuanza: wizi wa sadaka au madhara kwa mtoto si "kushindwa" kwa kufarijiwa chini ya mwembe. Yapelekwe kwa wahusika siku hiyohiyo.

Chakula cha mchana kiagizwe mapema, na watu wasitangetange kuingia misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iliyo jirani. Kaya za Rabai zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na huingiwa kwa ruhusa ya wazee.

Alasiri mpeni nafasi William Jones, mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa India. Alikuwa katika msafara wa Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana uliokwisha kwa mauaji huko Busoga, Oktoba 1885. Jones ndiye aliyewarudisha manusura Rabai, mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Hakuipamba habari mbaya. Kwa kikundi kinachojua kuandika ripoti za mwaka, nusu saa juu ya bendera hiyo inafaa kuliko mhadhara. Waulizwe: nani kanisani kwenu ana ruhusa ya kuja na bendera kama ile, na mara ya mwisho alipokuja mlimfanya nini?

Ondokeni saa tisa. Mkiwahi, pitieni upande wa Nyali kwenye kaburi la Rosina Krapf na mtoto wake, mkae kimya kabla giza halijaingia. Pale msimpe mtu maikrofoni.