Lexus LX 470 iliyotumika, Lubumbashi: usianzie kwenye moteri

Mnunuzi akifunguliwa boneti ya LX 470 husikiliza moteri, hukanyaga mafuta mara mbili tatu, hutazama moshi kwenye bomba, kisha huridhika. Muuzaji naye huridhika, maana hapo hapana cha kuona. Moteri ya 2UZ-FE, V8 ya lita 4.7 ya esanse, ni kitu cha mwisho kukuangusha katika motokari hii. Hata iliyotunzwa vibaya huwaka asubuhi na kunguruma bila aibu. Pesa ya mwenye LX 470 huliwa chini, kwenye sospensheni ya haidroliki inayoitwa AHC, na chini huko wanunuzi wengi hawainami, hasa wale wa mtaa wa Golf wakiwa wamevaa suti.

LX 470 ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2007 juu ya shasi ya Land Cruiser 100. Hilo ndilo jema lake kubwa: vipuri vingi vya moteri, gia na ekseli vinaingiliana na vya Land Cruiser, na Lubumbashi hakuna fundi asiyejua Toyota. Tofauti kubwa ni hiyo AHC. Kila gurudumu lina kitu kinachofanana na amotiseri ya kawaida, ila ndani yake mna mafuta yanayosukumwa na pampu moja, na kila kimoja kimeungwa na tufe la chuma lenye gesi ya nitrojeni, iliyotengwa na mafuta kwa utando wa mpira. Gesi ndiyo inayolainisha mashimo. Gesi ikitoweka, motokari inagonga kama mkokoteni.

Kuipima hakuhitaji kompyuta. Simamisha motokari mahali tambarare, bila mzigo wala abiria, milango imefungwa, gia kwenye P, moteri inawaka. Kwa swichi ya urefu, teremsha hadi L na usubiri itulie. Chungulia tangi la mafuta ya AHC ndani ya chumba cha moteri: ubavuni lina mistari midogo. Andika mafuta yamefika mstari gani. Sasa pandisha hadi H, subiri tena, uhesabu upya. Mafuta yatakuwa yamepungua, maana yameenda kwenye magurudumu. Yakishuka mistari 14 hivi, matufe ni mazima. Yakishuka 7 au pungufu, matufe yamekwisha. Hesabu manne mapya ndani ya bei kabla hujafungua mdomo. Kati ya hapo bado yana uhai kidogo. Muuzaji akisema swichi ina hitilafu ndogo tu na haiwezi kupanda leo, chukulia kwamba mfumo mzima umekufa na ujadili bei kwa msingi huo.

Matufe hayafi kwa uzee peke yake. Nyuma kuna springi za kawaida, mbele kuna fimbo za torsheni, vile vyuma virefu vinavyokwenda nyuma kando ya shasi. Hivyo ndivyo vinavyopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito. Mafuta yanasaidia tu. Springi zikilegea baada ya miaka ya kubeba mifuko ya makala na saruji kutoka Kasumbalesa, uzito unahamia kwenye mafuta, mgandamizo unapanda, na utando wa mpira unateseka. Ukiwa na mashine ya kusoma mfumo, mgandamizo wa mbele motokari ikiwa kwenye urefu wa kawaida (N ya swichi ya urefu, si ya gia) unatakiwa uwe karibu 6.9 MPa. Ukiwa juu sana, kaza fimbo za torsheni na ubadili springi za nyuma au uziongezee vipande vya juu, kisha ndipo ununue matufe. Fundi anayefunga matufe mapya juu ya springi zilizolegea anakuuzia kazi ileile mara mbili.

Mafuta yenyewe ni ya Toyota, namba 08886-01805, kopo la lita 2.5. Usikubali mafuta ya gia wala ya breki badala yake, hata fundi akiapa kwamba yanafanana. Yakiwa meusi tangini, hayajabadilishwa kwa muda mrefu. Tazama pia mabomba ya chuma yanayopita juu ya shasi, na vipima urefu vitatu, viwili mbele na kimoja nyuma. Matope ya masika yakiingia kwenye vipima hivyo, taa ya OFF huanza kuwaka na kuzima na motokari hukataa kubadili urefu. Mara nyingi kosa ni kipima kimoja au kijiti chake kilichovunjika, si pampu.

Wengi mjini wameshaing'oa AHC. Si dhambi, ilimradi imefanywa kamili. Fimbo za torsheni na springi za LX ni laini kuliko za Land Cruiser isiyo na AHC, kwa hiyo kufunga amotiseri nne peke yake hakutoshi. Zinahitajika fimbo nene, springi nzito za nyuma na amotiseri za Land Cruiser 100, vyote pamoja. Pale palipobadilishwa amotiseri tu, motokari huinama pua na kuyumba kwenye kona. Ikisafiri hivyo kwenda Likasi, abiria wa nyuma atakuambia kabla hamjafika.

Breki ni jambo la pili, na ghali. Nguvu ya breki hutoka kwenye pampu ya umeme iliyoshikana na silinda kuu. Zima moteri, kanyaga breki mara 40, kisha washa swichi bila kuwasha moteri na usikilize: pampu inaunguruma, halafu inanyamaza. Nusu dakika na ziada kidogo ni sawa. Ikiendelea kupita sana sekunde 40, au kengele ikilia ukiwa barabarani, ondoka. Kifaa hicho hakina dawa ya bei nafuu.

Kwenye moteri yenyewe kuna machache. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 150,000, pamoja na pampu ya maji, kikazaji na puli zake. Hakuna karatasi? Basi haujabadilishwa. Mafuta ya moteri ni lita 6 na nusu hivi pamoja na filta. Kwenye ukuta nyuma ya moteri, pale mabomba ya hita yanapoingia ndani, kuna viungo viwili vya plastiki vyenye umbo la T. Vikizeeka hupukutika vikiguswa, maji yote humwagika, na mshale wa joto wa Toyota hukaa katikati hadi umechelewa. Vibadilishe wiki ya kwanza. Ni kazi ndogo kuliko zote katika motokari hii na inaokoa moteri nzima. Starta nayo imefichwa chini ya manifoldi ya hewa, katikati ya V. Ukigeuza ufunguo ukasikia mlio mmoja wa "ta" na moteri isizunguke, jua kuna siku nzima ya kufungua.

Kiangazi cha Katanga kina vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Filta ya hewa haipulizwi kwa kompresa. Upepo mkali hutoboa karatasi na vumbi hupita moja kwa moja. Badili. Shafti za kuzungusha magurudumu zina nipeli za grisi, zipigwe kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na mapema zaidi baada ya kupita matope. Tia gia D, kisha R, ukiwa umeshika breki: mgongano mzito chini ni grisi iliyosahauliwa au viungo vilivyolika.

Kuhusu mafuta, mjini itakunywa lita 18 hadi 20 kwa kilomita 100, na tangi ni lita 96. Anayelalamikia hilo baada ya kununua alikuwa amelala.

Walioweka Land Rover Discovery 3 ya mazutu kwenye mizani watasema ni mpya zaidi na inakunywa kidogo. Kweli. Lakini moteri yake ya 2.7 ina sifa ya kuvunja kranki, na sospensheni yake ya hewa ina kompresa inayochoka. LX inakusumbua polepole. Ile huweza kukusimamisha siku moja.

Kabla ya kulipa, safisha matope kwenye shasi karibu na gurudumu la mbele la kulia na usome namba iliyogongwa. LX 470 halisi ina namba ya herufi na tarakimu 17 ambayo kwa kawaida huanza na JTJ, au JT6 kwa zile za kwanza. Ikianza na UZJ100, hiyo ni Land Cruiser ya soko la Japani, mara nyingi Cygnus, yenye usukani wa kulia: sura ileile, sospensheni ileile, lakini usiilipie bei ya LX ya usukani wa kushoto, na karte roze yake, yaani hati ya usajili, isiandikwe Lexus.