Hita ndogo ya gesi na grili: uzoefu wangu hapa Austin, Texas

Jamani mimi nimekulia Makete, kule milimani Njombe, Tanzania, baridi naijua, ila ile ya Februari 2021 hapa Texas ilinikuta mikono mitupu. Umeme ulikatika tarehe 15 na nyumba yetu kila kitu ni umeme, hita, jiko, maji ya moto, kufika jioni mtu akiongea sebuleni unaona mvuke unamtoka mdomoni. Shemeji akasema tuingize ndani lile jiko la mkaa tunalochomea nyama, nikakataa katakata, maana kule kwetu tumeshazika watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Tukalala watano kitanda kimoja na makoti yetu. Baadae hesabu ya serikali ya Texas ikatoka, watu 246 walikufa kwenye ile dhoruba, na wengine wao waliuawa na hewa chafu, watu waliwasha majiko ndani na magari garejini wapate joto.

Mwisho wa mwaka ule ndo nikanunua Mr. Heater Portable Buddy, ile nyekundu ndogo ya kubeba mkononi, na siku hiyohiyo nikanunua alamu mbili za betri za kaboni monoksaidi, yaani ile hewa chafu yenye sumu isiyo na harufu. Kama hela yako inatosha kimoja tu, chukua alamu kwanza, hita utanunua mwezi ujao.

Nilikuja kuitumia kweli Februari 2023, barafu ilivyoangusha matawi ya miti mji mzima na umeme ukakata, kwetu sisi siku tatu. Kuwasha ni rahisi: unafunga kale kamtungi ka gesi ya propeni ka uzito wa pauni moja, unabonyeza kitasa chini unazungusha kwenye pailoti (kale kamoto kadogo ka kuwashia), unashikilia kama nusu dakika ndo unaachia, ukiachia mapema inazima na unaanza upya. Ikikolea ile sahani ya mbele inakuwa nyekundu kama kaa na chumba cha watoto kilipata joto haraka kuliko nilivyotegemea. Ina moto wa aina mbili, BTU 4,000 na 9,000 (BTU ni kipimo cha joto). Kwenye mdogo mtungi ulinipeleka masaa matano na kitu, kwenye mkubwa haukufika matatu, kwahiyo piga hesabu ya mitungi mapema, maana siku ya barafu madukani haipo kabisa.

Nilichokipenda zaidi ni usalama, ukiigonga ikaanguka inajizima, na oksijeni ikipungua chumbani inajizima pia. Ila msije mkachanganya hapo, hiyo inapima oksijeni tu, haipimi kaboni monoksaidi, kwahiyo dirisha tuliacha wazi upana kama wa vidole viwili na alamu ikawa ukutani muda wote. Kulala tulizima. Wife alikuwa anapasha chumba lisaa limoja kabla watoto hawajalala, anazima, wanaingia kwenye blanketi. Na msishangae vioo vikilia maji, gesi ikiungua inatoa maji pia, sisi asubuhi tulikuwa tunafuta madirisha kwa taulo.

Kuna wanaounga kwa mpira mrefu kwenye mtungi mkubwa wa pauni 20. Mtungi huo unakaa NJE, hauingii ndani hata kama umebaki kidogo, propeni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni inajikusanya. Mimi nilinunua mpira wa bei rahisi ukaacha mafuta mafuta kwenye njia ya gesi, moto ukawa dhaifu, ikabidi ninunue mwingine wenye filta.

Sasa grili. Ninayo ya gesi ya kukunja miguu, yenye bana mbili (sehemu za kutolea moto), mishkaki na ndizi za kuchoma zinatoka vizuri sana na haina kusubiri mkaa ukolee. Mwanzoni moto ulikuwa mdogo nikadhani mbovu, karibu niirudishe dukani. Kumbe nilikuwa nafungua mtungi kwa haraka huku vitasa vya grili viko wazi, regyuleta (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi) inadhani gesi inavuja inaibana. Dawa yake funga vyote, chomoa, rudishia, fungua mtungi polepole kabisa halafu ndo uwashe. Na kila ukibadilisha mtungi paka maji ya sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu usiwashe.

Kosa langu kubwa niliseme wazi. Mwaka jana mvua ilitukuta tunachoma, nikasogeza grili mlangoni mwa gareji, mlango uko wazi kabisa, nikaona hewa inapita. Hazikuisha dakika kumi alamu ya jikoni ikaanza kupiga kelele na mtoto wangu mdogo alikuwa amekaa mezani pale anachora. Nilizima, nikatoa wote nje kwenye mvua, mikono inanitetemeka. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha nyama inaenda kwenye oveni. Wanaokaa apatimenti someni mkataba pia, nyingi haziruhusu grili kwenye baraza la juu.

Mjomba wangu ameona picha ananiomba nimpelekee hita moja Makete. Nimemkatalia na imeniuma, maana namjua baridi inavyomtesa magoti. Vile vimitungi hatavipata, na kitabu cha maelekezo cha hita kinasema juu ya futi 7,000, yaani mita kama 2,100, inaweza kujizima yenyewe, na kijiji chetu kiko juu huko. Nimemtumia hela ya mablanketi mawili mazito, na alamu moja nimempa mtu anayesafiri mwezi huu, maana jiko la mkaa najua bado analiingiza chumbani.