Blenda ya wati 600 na matunda yaliyoganda: inaweza ila uijulie

Mwenye mpango wa kununua blenda ndogo ya kutengenezea vinywaji vya baridi kipindi hiki cha joto asome kwanza hapa. Mi hii ya wati 600 ninayo mwezi wa 3 sasa, jagi la kioo lita 1 na nusu, na karibu kila jioni inapiga kazi.

Matunda ya kawaida haina shida, embe bivu sekunde 20 limeshakuwa uji. Utaijua vizuri ukiiletea vitu vya friza. Siku ya kwanza nilijaza barafu nusu jagi, juu nanasi lililoganda, maji kidogo nikamwagia mwisho, nikawasha. Visu vikachimba shimo pale chini vikawa vinazunguka kwenye hewa tupu, mzigo juu umetulia tu haushuki, mlio ukawa mwembamba, harufu ya kuungua, pap ikazima. Nikajua ndo imekufa hivyo. Kumbe mota ikichemka inajikata yenyewe, nikaiacha nusu saa ikawaka. Kijitabu chake kimeandika usizidishe dakika 1 mfululizo, sasa kijitabu nani anasoma.

Tokea hapo naanza na maji au juisi, halafu vitu laini, vilivyoganda vinakuja juu kabisa. Nabonyeza naachia, nabonyeza naachia mara 6 au 7 hivi ndo naiacha izunguke. Nikiona lile shimo la hewa nazima, nachomoa waya, nasukuma na mwiko (mwiko mmoja tayari umeshakatwa ncha, msiniulize).

Na barafu nimeachana nayo kabisa, ikiyeyuka unabaki unakunywa maji ya rangi. Gandisha tunda lenyewe: vipande vya kama sentimita 2, panga kwenye sinia visigusane, vikishakuwa vigumu ndo uvitie mfukoni, maana ukivitia vikiwa bado na majimaji vinashikana vinakuwa jiwe moja na jiwe hilo blenda hii haiwezi, nilijaribu nikaishia kulipiga na mchi. Tikiti zaidi ya asilimia 90 ni maji kwa hiyo likiganda linasagika kama barafu ya kukwangua, unatia limao unamaliza. Ndizi iliyoiva mpaka ikatoa madoa inafanya kinywaji kizito kama aiskrimu hata bila maziwa. Utamu onja kikiwa kimeshasagwa, baridi inaficha sukari, ukionja juisi kabla haijapoa ukasema hapa sawa, ikiwa baridi utaiona chapwa.

Kinachonikera ni ule mpira wa chini ya visu. Mwezi wa 2 tu ukaanza kuvuja, kila nikinyanyua jagi meza imelowa, nikaufungua nikakuta nyuzi za embe zimejisokota pale. Kusafisha imesaidia ila sio kabisa. Kelele nazo, mtoto akiwa amelala usithubutu. Halafu jagi la kioo likiwa baridi vile usilimwagie maji ya moto kuoshea, litapasuka.

Naipa nyota 3 kwa 5. Kwa watu wawili watatu wenye subira inatosha, ila kama kila siku mnasaga ya familia nzima ongezeni hela mchukue ya wati 1000 kwenda juu, na kabla ya kulipa ulizeni kama ule mpira unauzwa peke yake, mi wa kwangu hadi leo sijaupata.