Virtual Connect Flex-10 kwenye c7000: moduli nzuri, ila ESXi haioni ng'ambo yake

Ukinunua chesisi ya HP c7000 iliyotumika (sanduku la kuchomeka seva nyembamba ziitwazo bledi), usishangae ikija na moduli mbili za mtandao za Virtual Connect Flex-10 upande wa nyuma, nafasi ya 1 na ya 2. Kwa anayeendesha ESXi (mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe) ni kifaa cha kuchukua bila kusita, mradi aijue tabia yake moja: moduli inakaa katikati ya hosti, yaani bledi yenye ESXi, na swichi, na hosti haijui kinachotokea upande wa pili. Lawama nyingi za "mtandao unakatikakatika" zinaanzia hapo.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri sana. Kila poti ya gigabiti 10 ya bledi inagawanywa kuwa kadi nne, na kasi unaigawa kwa hatua za megabiti 100, jumla isizidi gigabiti 10. Bledi yenye poti mbili kwenye ubao itaonyesha kadi nane ndani ya ESXi: kwa kawaida vmnic0, 2, 4 na 6 zinaelekea moduli ya 1, na vmnic1, 3, 5 na 7 moduli ya 2. Mpangilio huo usiuchukulie kwa imani. Linganisha MAC (anwani za kadi) za `esxcli network nic list` na zilizoandikwa kwenye profaili ya seva, yaani mipangilio ambayo Virtual Connect inaipa bledi. Kadi mbili za vSwitch (swichi pepe iliyo ndani ya ESXi) zikiangukia moduli moja, huna akiba yoyote, hata kama skrini inaonyesha zote ziko hewani.

Sasa penyewe panapouma. Kebo zote za moduli ya 1 zikichomoka, au swichi ya juu ikizimika, njia kati ya bledi na moduli imo ndani ya chesisi na haijaguswa. ESXi inaendelea kusoma vmnic0 "Up", inasukuma pakiti, na zote zinapotelea kwenye moduli. Dalili yake ni ya ajabu: kwenye hosti ileile baadhi ya mashine pepe zinapatikana, nyingine kimya, wala hakuna kengele iliyolia.

Dawa ni SmartLink, tiki inayowekwa mtandao kwa mtandao. Poti zote za nje za mtandao huo zikianguka, moduli inaiangusha na kadi ya seva, ndipo ESXi inapohamia kadi ya pili. Hapo pana mtego. Ili kuangusha kadi moja kati ya nne bila kugusa poti nzima, fimwea (programu ya ndani) ya moduli, fimwea ya kadi na draiva ya ESXi lazima zote ziwe na uwezo huo. Draiva ikiwa ya zamani, tiki ipo lakini hakuna kinachotokea. `esxcli network nic get -n vmnic0` inakupa draiva na fimwea kwa pamoja. Zilinganishe na orodha ya HPE ya matoleo yanayoendana. Kisha chomoa kebo za moduli moja kwa makusudi, kabla mashine za kazi hazijaingia, uone vmnic husika ikigeuka "Down". Ukipendekezewa utumie beacon probing badala yake (ESXi kutumiana pakiti za majaribio kati ya kadi zake), kataa: kwa kadi mbili haiwezi kujua ipi ndiyo mbovu, inahitaji tatu.

Mpangilio unaofaa zaidi kwa ESXi ni seti mbili za poti za nje, kila moduli na yake, zote zikifanya kazi, na uhamaji ukiachiwa vSwitch.

VLAN (mitandao iliyotenganishwa kwa lebo za namba) nazo zinaangusha wengi. Kadi ikipewa mtandao mmoja tu, moduli inavua lebo ya VLAN kabla ya kumpa seva, kwa hiyo port group (kundi la poti za vSwitch) inatakiwa kuwa VLAN 0. Ukiandika 20 pale, pakiti zinatoka na lebo na moduli inazitupa. Kadi ikipewa mitandao mingi, lebo zinabaki, na sasa 20 ni lazima iandikwe. Sheria nyingine: VLAN moja haiwezi kuwekwa kwenye kadi mbili za poti ileile.

Kwa upande wa swichi, fungua SSH kwenye moduli uandike `show uplinkport`. Ukiona kebo nne na moja tu ni "Linked (Active)", tatu "Linked (Standby)", LACP (itifaki ya kuunganisha kebo kadhaa kuwa kiungo kimoja) haijawashwa kwenye swichi, au kebo hazimo kwenye kundi moja. Umelipia gigabiti 40, unatumia 10. Moduli haishiriki STP (itifaki ya swichi ya kuzuia mizunguko), kwa hiyo poti hizo za swichi ziwekwe portfast ya trunk, ili zianze kazi mara moja, la sivyo kila kiungo kinaporudi unasubiri bure.

Kuelekea seva, kinyume chake: hakuna LACP kabisa. IP hash (kugawa pakiti kati ya kadi kwa kufuata IP) kwenye vSwitch inafanya MAC moja ionekane pande mbili. Baki na chaguo la awali la vSwitch, linalofuata poti pepe ya chanzo. Jumbo (fremu kubwa za baiti 9000) ipimwe kwa `vmkping -I vmk1 -d -s 8972` ikifuatiwa na IP ya upande wa pili. Ikikwama, mara nyingi ni swichi, si moduli.

Ukihamisha diski za ESXi kwenda bledi nyingine yenye profaili tofauti, vmk0 (poti pepe ya ESXi yenyewe, kwa kawaida ya usimamizi) inabaki na MAC ya vmnic0 ya zamani. Profaili ya awali ikipewa seva nyingine, MAC moja inakuwa na wenyewe wawili. Weka Net.FollowHardwareMac kuwa 1.

Kasoro kubwa kwa mnunuzi wa leo ni kiolesura cha wavuti cha moduli. Matoleo ya zamani yalitegemea Adobe Flash, iliyosimamishwa mwisho wa 2020, kwa hiyo kwenye matoleo hayo SSH ndiyo njia yako. Moduli za nafasi ya 1 na ya 2 ziwe za aina moja, na mdai muuzaji kile kilebo chenye nywila ya Administrator kabla hujamlipa.