Redmi Note 4 ya mtumba na LineageOS: uzoefu wangu hapa Tanga

Simu yangu ya zamani ilifika mahali ikawa inaganda hata nikifungua WhatsApp, nikaenda Ngamiani kutafuta ya bei chee. Kwenye meza moja ya simu za mtumba nikaikuta Redmi Note 4: RAM GB 3, memori GB 32, kioo hakina ufa. Muuzaji alianzia laki na thelathini. "Dada'angu, hiki chuma!" Tukavutana mpaka elfu tisini na tano.

Hela sikuitoa mara moja. Kwanza nilibonyeza *#06#, nikaituma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 kuhakiki kama si feki. Tangu simu feki zilipozimwa Juni 2016, mie sinunui simu mkononi mwa mtu bila hilo. Kisha nikaingia kwenye seting kusoma prosesa, na hapa ndipo wengi huliwa. Redmi Note 4 ziko mbili zenye jina moja. Moja ina Snapdragon 625, watengenezaji wa romu, yaani mfumo mzima unaoendesha simu, huiita mido. Nyingine ina Helio X20 ya MediaTek, hiyo ni nikel. Ukizilaza mezani utasema mapacha, lakini romu ya huyu haimfai yule, na mie niliyoilenga ni ya mido. Prosesa ya Snapdragon ina kori nane, yaani sehemu nane za kufanyia kazi, ya MediaTek kumi. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa naomba kidogo kuliko kingi, na zikawa nane. Jamaa alikuwa ananitazama tu. "Kwani dada unanunua simu au unaposa?"

Sababu ya kuhangaika ni kwamba programu ya kiwandani ya simu hii iliishia Android 7. Mie niliitaka LineageOS, romu ya bure isiyo ya kiwandani, ya Android 11.

Kwanza unafungua butloda, ile kufuli inayozuia simu isiwekewe mfumo mwingine. Unajisajili akaunti ya Xiaomi, wenye Redmi, unaiunganisha na simu ikiwa na laini na data imewashwa, halafu unaambiwa usubiri. Mie niliandikiwa saa 168, yaani wiki nzima. Usumbufu, ndiyo, ila mwizi naye anasubiri hivyo hivyo, kwa hiyo sina ugomvi. Jueni tu kwamba ikishafunguka inafuta kila kitu kilichomo, picha na namba zote.

Wiki ilipoisha niliazima laptop ya shemeji. Nikabonyeza sauti chini pamoja na pawa ili simu ipokee amri za kompyuta, na ile picha ya Xiaomi ya sungura mwenye kofia akimkarabati roboti ikatokea kwenye kioo. Kompyuta haiioni simu. Nikabadilisha draiva, hola. Nikahamisha tundu la USB, hola. Nikazima na kuwasha, nikaanza kumshuku shemeji na laptop yake. Saa sita usiku ndipo nikajaribu waya mwingine wa simu mbovu ya mama, na kompyuta ikaitika hapo hapo. Waya wangu wa elfu mbili ulikuwa wa kuchajia tu, nyuzi za data hazimo kabisa! Saa tatu zangu zilikwenda hivyo.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Niliweka TWRP, programu ndogo ya kuingizia romu, nikaingiza romu, nikawasha bila kufomati data ya zamani. Ule mduara wa LineageOS ukawa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, nami nimekaa kitandani nautazama kama mgonjwa. Data ya mwanzo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo ambao mfumo mpya haukuweza kuusoma. Nikarudi TWRP, Format Data, nikaandika "yes" kwa mkono kama inavyotaka, nikaingiza romu upya pamoja na programu za Google kabla ya kuwasha. Safari hii iliwaka.

Ni nyepesi, hilo sikufichi. Hakuna matangazo wala programu nisizozitaka, na alama ya kidole mgongoni inafanya kazi kama mwanzo. Kamera imeshuka kidogo usiku, mchana siioni tofauti.

Ila programu ya benki yangu imegoma. Inatambua butloda iko wazi, inafunga mlango. Ziko njia za kuihadaa, sikuzitaka. Mambo ya hela sitaki kuchezea. M-Pesa natumia *150*00# kama mwenye kitochi, na benki nimeiacha kwenye ile simu ya zamani inayoganda. Kama una simu moja tu na mishahara yako inapitia programu ya benki, usiiguse butloda.

Kilichobaki ni betri. Ikifika asilimia thelathini inazima ghafla. Imezeeka, si kosa la romu. Nilirudi kwa yule yule muuzaji, akanitolea betri mpya bado ndani ya nailoni, imeandikwa BN41. Hiyo ni ya nikel. Yangu inataka BN43.

"Si Redmi Note 4 hiyo hiyo, dada?"

Nimeagiza Dar, bado haijafika.