Crazy Hits ya Crazy Frog: albamu ya kuwachezesha watoto

Kila Sikukuu inapokaribia, wazazi wengi wa Unguja hutafuta muziki wa kuwachezesha watoto usiokuwa na maneno ya kuwatia haya mbele ya wakwe na majirani, na kwa haja hiyo albamu ya Crazy Hits, iliyotoka mwaka 2005 kwa jina la chura wa katuni aitwaye Crazy Frog, bado inafaa kusikilizwa.

Asili yake ni mzaha. Daniel Malmedahl wa Sweden aliigiza kwa mdomo mlio wa pikipiki ndogo, na mwaka 2003 Erik Wernquist, naye wa huko huko, akautengenezea kiumbe mwenye kofia ya pikipiki na miwani. Yeyote aliyewahi kuamshwa na Vespa inayokataa kuwaka katika vichochoro vya Mji Mkongwe ataujua mlio huo mara moja. Baadaye mlio ukauzwa Ulaya kama mlio wa simu, kisha ukawekewa mdundo wa disko.

Wimbo unaoibeba albamu ni Axel F, muziki wa Harold Faltermeyer uliotungwa kwa ajili ya filamu ya Beverly Hills Cop ya mwaka 1984, ambao kwa toleo hili la chura ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 4. Kinanda kinapiga ile sauti yake ya kurukaruka, chura anaingia kwa mlio wa injini, kinanda kinarudi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Siri ni kwamba muziki wa asili haukuwa na mwimbaji, kwa hiyo chura hakumpokonya mtu nafasi. Ndivyo ilivyo pia kwa Popcorn, uliotungwa na Gershon Kingsley mwaka 1969, na The Pink Panther wa Henry Mancini. Sisi tuliolelewa na taarabu, ambao bashraf hutuburudisha bila ya neno hata moja, hatuna sababu ya kuudharau muziki wa vyombo vitupu, ingawa bashraf haikuharakishi namna hii!

Penye wimbo uliokuwa na mwimbaji, kazi inaharibika. Who Let the Frog Out? umechukua wimbo maarufu wa kundi la Baha Men, Who Let the Dogs Out, mbwa amegeuzwa chura, na kichekesho kinaishia hapo hapo. Isitoshe, mdundo wa albamu nzima haubadiliki, na mtu mzima aliyekaa karibu na spika atachoka mapema kuliko watoto.

Mzazi atakayeonesha na video aitazame mwenyewe kwanza, kwani chura huyo alichorwa bila ya nguo ya chini na huko Uingereza watazamaji walilalamika. Kwa sauti peke yake, nyimbo 3 nilizozisifu zinatosha kuwainua watoto baada ya biriani, zilizobaki zirukwe.