Krita na zana zinazojificha: uzoefu wangu

Krita ndiyo programu ninayochorea picha za vitabu vya hadithi vya watoto, na niseme mapema kwamba naipenda. Ni ya bure, haidai ada ya kila mwezi, ukishaisakinisha huhitaji bando ili kuchora, na brashi zinazokuja nayo zinatosha kufanyia kazi ya kulipwa. Ukiikuta inauzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam au Microsoft Store usidhani umetapeliwa: ni ileile, ila ukinunua huko unawachangia wanaoitengeneza. Tatizo lake kwa mgeni ni kwamba zana zinaweza kuondoka zote kwenye skrini bila hata kuaga.

Mimi yalinikuta mteja akiwa anasubiri jalada. Mdogo wangu alikalia kompyuta kidogo, niliporudi nikakuta mchoro wangu upo lakini umezungukwa na utupu. Hakuna menyu juu, hakuna brashi, hakuna leya (tabaka za mchoro), hakuna rangi. "Dada, mimi sijafuta kitu!" Na kweli hakufuta. Rafiki niliyempigia simu akanishauri niiondoe programu na kuisakinisha upya, ushauri ambao ukiuliza watu wa kompyuta mtaani utapewa kwa kila ugonjwa. Hapa haufai kitu, kwa sababu mipangilio ya Krita hukaa kwenye faili lake la pembeni liitwalo kritarc. Programu unaweza kuiondoa na faili likabaki, ukairudisha ukakuta mambo ni yaleyale.

Dawa ilikuwa kitufe cha Tab. Ukikibonyeza, Krita inaficha kila kitu ili ubaki na turubai, yaani eneo la kuchorea, peke yake. Ukikibonyeza tena, vyote vinarudi. Kuna ujumbe mdogo unaotokea kwenye skrini kukueleza hivyo, lakini unapotea upesi, na aliyegusa kitufe kwa bahati mbaya hata hakumbuki kausoma. Kwa maoni yangu ungefaa kubaki hadi mtu aufunge mwenyewe. Kama hupendi menyu ipotee pamoja na vingine, nenda "Configure Krita", sehemu ya "Canvas-only", uondoe tiki kwenye vile unavyotaka vibaki. Mimi menyu nimeiacha ionekane siku zote.

Sasa, si kila kupotea ni Tab. Nimejifunza kuangalia kwanza nini kimebaki. Menyu ikiwa ipo lakini paneli za pembeni zimeondoka zote kwa mpigo, fungua menyu ya "Settings" uone kama "Show Dockers" ina tiki ("docker" ndilo jina la paneli kwenye Krita). Ikiwa ni paneli moja tu iliyopotea, ingia "Settings" kisha "Dockers". Hapo pana orodha ndefu ya majina, na ile safu ya zana za kushoto inaitwa "Toolbox". Weka tiki, inarudi. Mara nyingi mtu huwa ameifunga kwa alama ya x akidhani anafunga kitu kingine. Mstari wa juu wenye brashi, ukubwa na ukolezi wa rangi haumo kwenye orodha hiyo. Wenyewe uko "Toolbars Shown", menyu ileile ya "Settings". Nilizunguka sana kabla ya kuligundua hili.

Halafu kuna paneli ambazo hazikupotea kabisa, zimelaliwa tu. "Tool Options" inapenda kukaa nyuma ya kichaguzi cha rangi, na kinachoonekana ni kichupo chenye jina lake. Unakibofya, basi.

Kwa wenzangu wa kompyuta za mtumba zenye skrini ya 1366 kwa 768, hapa ndipo penye kazi. Krita imejaa vidirisha, na Windows ikiwa imewekwa kukuza maandishi hadi asilimia 125 au 150, nafasi inakwisha kabisa. Zana za chini unaweza usizione, ukaapa kwamba toleo lako halina. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya safu ya zana upunguze ukubwa wa alama zake, au vuta ukingo wake uipanue, zijipange kwenye safu zaidi.

Ikiwa umevurugavuruga hadi hujui pa kuanzia, ingia "Window", kisha "Workspace", uchague "Default". Paneli zinarudi kwenye mpangilio wa mwanzo na mchoro wako hauguswi. Njia ya mwisho kabisa ni kufunga programu, kisha kuifungua huku umeshikilia Ctrl, Shift na Alt kwa pamoja. Itakuuliza kama unataka mipangilio ifutwe. Hiyo nisingeikimbilia. Utapoteza na mengine uliyokuwa umeyarekebisha kwa mkono wako.

Kinachonichekesha ni kwamba Tab ileile iliyonitoa jasho sasa naibonyeza makusudi. Kwenye skrini ndogo, kuficha kila kitu kunanipa karatasi nzima ya kuchorea. Zana zikiwa zimefichwa, nabofya kitufe cha kulia juu ya turubai na duara linafunguka palepale lenye brashi ninazozipenda na gurudumu la rangi. Nachagua, naendelea. Nyuso nyingi za watoto nazimaliza hivyo bila kufungua paneli hata moja, isipokuwa ninapohitaji leya.

Mpangilio wangu nimeuhifadhi kwa jina langu kwenye kichaguzi cha "Workspace" kilicho juu kulia, na mdogo wangu nimemtengenezea wake. Anauvuruga apendavyo.